Wakulima wa Turasha wanauliza: Ziwa Naivasha linatuhusu nini sisi?

Katibu wa Kijito aliandika:

Hamjambo wanabaraza. Mimi ni katibu wa chama kidogo cha watumiaji maji kwenye mojawapo ya vijito vinavyoingia Mto Turasha, upande wa Kinangop nchini Kenya; Turasha huingia Mto Malewa, nao Malewa huingia Ziwa Naivasha. Nilichaguliwa mwaka jana kwa sababu nilikuwa mtu pekee kwenye kamati mwenye kompyuta, na tangu hapo nimekuwa nikibeba swali ambalo sijapata mtu wa kunijibu kwa ukamilifu.

Chama chetu kina mpango wa kusimamia kijibonde chetu, uliochapwa vizuri na kutiwa ramani za rangi. Mpango unasema kingo za mto zirudishiwe nyasi na miti ya kienyeji, mikaratusi iliyo kando ya maji ing'olewe, na mashamba ya miteremkoni yakingwe kwa matuta. Mkutanoni hakuna anayeupinga. Tukishatoka nje ya ukumbi wa kanisa, kila mtu anarudi kulima hadi pale ambapo jembe linagusa maji.

Mwezi uliopita mzee mmoja ninayemheshimu sana, ambaye ndiye aliyenifundisha kukamua ng'ombe nilipokuwa mtoto, alisimama akauliza: "Ziwa hilo mnalolitaja kila siku ni la nani? Mimi sijawahi kulitia mguu. Maua yake yanauzwa Ulaya, samaki wake wanaliwa mjini, na wageni wake wanalala hotelini. Sasa mimi nitoe shamba langu ili wao wapate maji safi?" Watu walicheka, wakapiga makofi, nami nikakosa la kusema. Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu, nikaona ana haki kuliko nilivyodhani. Shamba lake ni ekari moja na robo, na linapakana na mto kwa urefu wa mita 90 hivi. Akiacha mita 6, ambao ndio upana wa chini kabisa unaotajwa na kanuni, anapoteza mita za mraba 540, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya shamba lake lote. Akiacha mita 30, ambao ndio upana wa juu, anapoteza mita za mraba 2,700, na hapo zaidi ya nusu ya shamba imekwenda.

Naomba walio na uzoefu, hasa walioko kwenye bonde hili la Malewa na walioko kule chini ziwani, wanieleze nimjibu nini mzee huyu bila kumdanganya. Je, kuna mahali ambapo wakulima wa juu walikubali kuacha ukingo kwa hiari, na kama wapo, walipata nini? Tena kuna suala la pampu, kwa maana wakati wa kiangazi mtu mmoja anaweza kuukausha mto usiku kucha na asubuhi wote tukajifanya hatukusikia mlio.

---

Mstaafu wa Kilimo alijibu:

Binti yangu, hesabu yako ni sahihi, ila hizo mita 30 ungeziacha kwenye daftari. Upana wa ukingo unaohifadhiwa unafuata upana wa mto wenyewe, ukiwa na kikomo cha chini cha mita 6 na kikomo cha juu cha mita 30 kila upande. Kijito ambacho mtoto wa darasa la nne anaweza kukiruka hakimdai mtu mita 30. Kwa hiyo mzee wako anaulizwa mita 6, na ukimtajia 30 utakuwa umempa sababu ya kukataa hata hizo 6.

Jambo la pili ni kwamba ukingo huo haunyang'anywi. Unabaki ndani ya hati yake. Kinachokatazwa humo ni kulima, kukata miti ya asili, kujenga na kutupa taka. Kukata nyasi na kumpelekea ng'ombe ni jambo jingine, na hapo ndipo mazungumzo yenu yanapaswa kuanzia, kwa sababu mtu wa Kinangop ana ng'ombe wa maziwa, na kila Januari na Februari ananunua majani kwa bei inayomuuma. Nilifanya kazi ya ugani Nyandarua kwa miaka mingi na sikuwahi kumshawishi mkulima hata mmoja kwa kumtajia ziwa. Waliokubali walifanya hivyo kwa ajili ya ndoo ya maziwa.

Kuna kosa ambalo sisi maafisa tulilifanya, nami nalikiri. Tuligawa vipande vya nyasi ya napia kila mahali, wakati napia haipendi baridi kali. Kwenye sehemu za chini za bonde inanawiri, lakini ukishafika juu ambako kuna jalidi inadumaa, na mkulima anahitimisha kwamba mpango mzima ni wa kubahatisha. Huko kwenu juu jaribuni nyasi ya setaria ya Nandi, au iacheni nyasi ya Kikuyu ijitandaze yenyewe, maana hapo ni kwao. Kwenye mstari wa karibu na maji pandeni mianzi na miti ya muiri. Mikaratusi iondolewe polepole, kwa kuikata na kuuza nguzo kabla ya kung'oa visiki, ili mwenye nayo asihisi ameadhibiwa.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa maana ukingo ni kizuizi cha mwisho tu. Udongo unaoingia mtoni huanza safari yake huko juu shambani. Utakuta viazi vimepandwa kwa mistari inayoteremka moja kwa moja na mwinuko, na mgeni atasema wakulima hawa hawajui kitu. Wanajua. Udongo wa uwanda wa Kinangop una tabaka la mfinyanzi chini ambalo halipitishi maji, na mvua ya Aprili ikituama siku chache viazi vinaoza. Mkulima anachimba mifereji ya kuteremka ili ayaokoe mazao yake. Ukimwambia apande kwa kukingama bila kumwonyesha maji yatatokea wapi, umemwambia aozeshe viazi. Kinachofaa ni mistari iliyoinamishwa kidogo tu, inayomimina maji yake kwenye njia moja pana iliyooteshwa nyasi, ambayo inashuka hadi mtoni ikiwa imeshayachuja. Njia hiyo inaweza kuwa mpakani, majirani wawili wakaigawana hasara na majani yake. Ama kuhusu miteremko mikali, kanuni za tangu mwaka 1965 zinakataza kabisa kulima penye mwinuko unaozidi asilimia 35, na kwa miteremko ya wastani iliyo chini ya hapo zinadai shamba likingwe kwanza. Kanuni hizo karibu kila mtu amezisahau, wakiwemo waliopaswa kuzisimamia.

Na usisahau historia, binti yangu. Wazee wengi waliopata mashamba ya makazi Kinangop baada ya uhuru walitoka Murang'a, Nyeri na Kiambu. Katika miaka ya 1940 wazazi wao walilazimishwa na serikali ya kikoloni kuchimba matuta bila malipo, hata akina mama wa Murang'a wakagoma waziwazi mwaka 1947 na 1948. Kwa hiyo ukisema "matuta" na "ni lazima" katika sentensi moja, kuna watu ambao masikio yao yanafunga kabla hujamaliza.

---

Mvuvi wa Karagita alijibu:

Dada katibu, mimi nipo upande wa pili wa swali lako, kwa maana huo udongo wenu ndio ninaouona kila msimu wa mvua ukiingia kwa rangi ya chai ya maziwa. Sikulaumu. Nimesoma maneno ya huyo mzee mara mbili, na nadhani sisi wa ziwani tunamdai jambo ambalo hatujawahi kumweleza vizuri.

Ziwa letu linaishi kwa mvua ya kwenu. Hapa Naivasha mvua ya mwaka ni kama milimita 600 na kitu, ilhali jua na upepo huondoa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Lingeachiwa mvua yake lenyewe lingekauka. Linajazwa na mito inayotoka Nyandarua, na katika hiyo Malewa peke yake, ambao Turasha yenu ni tawi lake kubwa, huleta sehemu kubwa mno ya maji, halafu ndipo unakuja Mto Gilgil, na Karati ambao hupita mvua ikiwa nyingi tu. Ziwa halina mto unaotoka, lakini maji yake hayana chumvi kama ya Elementaita na Nakuru, kwa sababu linavuja polepole chini ya ardhi. Ukipenda mwambie mzee kwamba yeye ndiye mwenye bomba, sisi tumeshika ndoo.

Nitakueleza jambo moja nililoliona kwa macho. Mwaka 2009 kulikuwa na ukame mkali, ziwa likarudi nyuma hata mahali tulipozoea kufunga mashua pakawa malisho. Mwanzoni mwa 2010 mvua kubwa ikanyesha, na mwezi wa Februari tukaamka tukakuta samaki wengi wameelea wakiwa wamekufa. Kila mtu alinyoosha kidole kwa mashamba ya maua, kwamba yamemwaga sumu, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele kwa sauti kubwa kabisa. Baadaye uchunguzi ukaonyesha kwamba samaki walikosa hewa ya oksijeni majini. Mvua ya kwanza baada ya ukame mrefu ilikuwa imekokota udongo, samadi na mbolea ya bonde zima kwa mkupuo mmoja, na kuoza kwa vitu hivyo kukala hewa yote. Sisemi kwamba mashamba ya maua hayana lawama. Yana yake na tutafika huko. Nasema siku hiyo nilijifunza kwamba mbolea mkulima anayoipoteza Kinangop, ambayo ameinunua kwa pesa zake, mimi naipata bila kuiomba.

Zamani kulikuwa na kichujio. Pale Malewa na Gilgil zinapoingia ziwani palikuwa na msitu mzito wa mafunjo, na maji ya tope yakipita humo yalitoka yametulia. Mafunjo hayo yamepungua sana. Maji yakishuka, mizizi inabaki juu, ng'ombe na nyati wanaingia kula na kukanyaga, watu wanachoma na kulima. Maji yakirudi hayakuti kitu. Ongeza kamba wekundu wenye asili ya Marekani walioletwa mwaka 1970, ambao wamekuwa wakila mimea ya ndani ya maji, na magugu maji yaliyotufikia mwishoni mwa miaka ya 1980. Samaki mmoja tunayemvua kwa wingi siku hizi ni kapi, ambaye hatukuwa naye kabla ya miaka ya 2000, naye hutafuta chakula kwa kuchimbua tope. Ziwa lenye tope jingi ni karamu yake. Anauzika, siwezi kukana, ila sijakutana na mvuvi mzee anayemsifia.

Halafu watu wakisikia "kulinda ziwa" wanadhani shida ni kukauka tu. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likaingia mtaa wa Kihoto, familia zikahama na viboko wakawa majirani. Tangu vipimo vianze kuchukuliwa mwanzoni mwa karne iliyopita limekuwa likipanda na kushuka kwa mita kadhaa, na hilo si kosa la mkulima yeyote. Waliojenga na kulima kwenye ardhi ya ukingo wakati maji yamerudi nyuma ndio waliofikiwa kwanza. Mwambie mzee kwamba huku chini pia kuna watu wanaoambiwa waache ukingo, na wanakataa kwa maneno yale yale anayoyatumia yeye.

---

Karani wa Maji alijibu:

Ndugu Mvuvi ameahidi kufika kwa mashamba ya maua, basi nimwondolee mzigo. Nimefanya kazi ya kusoma mita za maji kwenye shamba la maua kwa miaka kadhaa, kwa hiyo mnisome mkijua ninakotoka.

Dada katibu, ulilouliza kuhusu wakulima wa juu kulipwa limewahi kufanyika, na limefanyika kwa majirani zenu. Mashirika ya WWF na CARE yaliandaa mpango katika vijibonde vya Wanjohi na Turasha ya juu, ambapo wakulima walikubaliana kwa maandishi kuweka mistari ya nyasi, kuotesha upya kingo, kupanda miti ya matunda na kupunguza mbolea isiyo ya lazima. Kwa upande wa chini, wanunuzi wa huduma hiyo walikuwa watumiaji maji wa ziwani, wakiwemo wakuzaji maua, kupitia chama chao cha watumiaji maji. Mwaka 2010 wakulima walianza kupokea malipo yao. Hayakuwa pesa taslimu, yalikuwa vocha ya kuchukulia pembejeo dukani. Kiasi kwa kila mkulima kilikuwa kidogo, cha kununua mbegu na mbolea kiasi, na ukikilinganisha na ardhi iliyoachwa utasema hakitoshi. Hata hivyo watu walijiunga, na nilipopata nafasi ya kutembea huko juu na wenzangu, wakulima tuliozungumza nao walitutajia majani ya ng'ombe kabla ya kuitaja vocha, kama alivyosema Mzee Mstaafu.

Kwa maoni yangu vocha ilifanya kazi ambayo pesa zake hazielezi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa chini kumpandia mtu wa juu mlima, kumsalimia na kumwambia "tunakutegemea, na hiki ndicho kidogo tulicho nacho". Udhaifu wake ni kwamba mpango unaobebwa na wafadhili una tarehe ya kuisha, na atakayeacha ukingo kwa ajili ya vocha ataurudia ukingo siku vocha itakapokoma. Nawashauri mtafute malipo, lakini yawe ya kuanzia tu: vipande vya nyasi, miche, kazi ya kuchimba njia ya maji. Yanayofuata yalipwe na ng'ombe.

Na kuna mlipaji ambaye hatumtaji. Maji ya Turasha huchotwa pia kwa mabomba hadi Gilgil na mjini Nakuru, nje kabisa ya bonde hili. Mtu wa Nakuru anayefungua mfereji wake jikoni ni mnufaika wa ukingo wa huyo mzee kwa njia ya moja kwa moja kuliko waridi lolote, naye hajui hata jina la kijito chenu. Ningekuwa nyinyi ningeanza na kampuni zinazouza maji hayo, kabla ya kwenda kwa mwenye maua.

Niongeze somo moja la upande wetu, maana tumelipia gharama yake. Wenye ardhi kando ya ziwa wana chama chao cha tangu enzi za ukoloni, na kilifanya mengi: ziwa liliingizwa mwaka 1995 katika orodha ya Ramsar, yaani ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na mwaka 1999 chama hicho kikapewa tuzo ya Ramsar ya uhifadhi. Mpango wa usimamizi walioutunga ulichapishwa katika gazeti rasmi la serikali mwaka 2004, kisha ukakwama mahakamani kwa sababu kulikuwa na watu wa bonde, wafugaji wakiwa miongoni mwao, waliosema hawakuulizwa. Ulikuwa mpango mzuri kwa karatasi. Uliandikwa na waliolizunguka ziwa, ilhali ziwa lenyewe ni kilomita za mraba kama 140 na bonde linalolilisha ni kama 3,400. Nadhani mnaona tatizo. Baada ya Sheria ya Maji ya mwaka 2002 kuruhusu vyama vya watumiaji maji ndipo bonde lilipogawanywa katika vyama 12, kuanzia chemchemi hadi ziwani, na sasa angalau mezani kuna mtu wa viazi na mtu wa maua.

---

Katibu wa Kijito alijibu:

Nawashukuru sana, na Mzee Mstaafu nakuamkia hata kama nimechelewa. Nimeyachapa majibu yenu na nitayapeleka kwa mzee mwenyewe kabla ya mkutano, nyumbani kwake, kwa sababu nadhani nilikosea kumjibu mbele ya watu.

Bado nina ugumu wa aina mbili. Wa kwanza ni ule wa pampu, ambao hakuna aliyeugusa. Wa pili sikuutaja mwanzoni kwa sababu naona aibu kidogo: karibu nusu ya mashamba yaliyo kando ya kijito chetu yamekodishwa. Anayelima viazi humo amelipia msimu mmoja au miwili, hana ng'ombe hapo, na hana sababu yoyote ya kupanda nyasi ambayo ataiacha. Maneno ya maziwa yanamwingia mwenye shamba, ambaye pengine anaishi Nairobi. Mkodishaji anataka magunia.

---

Mbabati alijibu:

Ndugu zangu wa Kenya, niruhusuni niseme kidogo kutoka Tanzania. Kwetu sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataja mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, bila kujali mto ni mpana au mwembamba, na mnaweza kuwaza wenyewe jinsi mita 60 zinavyopokelewa na mtu mwenye ekari mbili kando ya kijito. Mahali nilipoona utii, hata wa nusu, jumuiya ya watumia maji iliwahi kupita na kamba na vigingi pamoja na wenye mashamba, wakakubaliana hapa kwanza, mwaka ujao pale. Mahali pengine tuna mabango tu.

---

Karani wa Maji alijibu:

Kuhusu pampu: chama chenu hakina mamlaka ya kumtoza mtu faini, na mkijaribu mtashtakiwa nyinyi. Kibali cha kuchota maji kwa mashine hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na wao ndio wenye meno. Lakini mna kitu ambacho mamlaka haina, nacho ni macho ya kila siku. Anzeni kwa kuandika: nani ana pampu, iko wapi, ana kibali au hana, anamwagilia kiasi gani. Sisi huku chini tulibishana miaka mingi juu ya nani anamaliza ziwa, na mabishano yalipungua ukali pale tu uchotaji ulipoanza kuhesabiwa na ikakubaliwa mapema kwamba kina cha maji kikishuka hadi alama fulani, kila mtu atapunguza kwa kiwango kilichoandikwa. Wekeni alama yenu kwenye daraja au jiwe kubwa mtoni, ya rangi, ambayo hata mtoto ataiona. Maji yakifika kwenye rangi nyekundu pampu zipeane zamu, na zamu hizo zipangwe wakati wa mvua, watu wakiwa hawana hasira. Mtu akikataa zamu aliyoitia sahihi mwenyewe, barua yenu kwa mamlaka itakuwa na uzito mwingine kabisa. Na katibu, pampu ya kwanza kwenye orodha iwe ya mwenyekiti wenu. Simjui, ila karibu kila kamati niliyowahi kukutana nayo ilikuwa hivyo.

---

Mstaafu wa Kilimo alijibu:

Marahaba, binti yangu. Hilo la kukodisha usilionee aibu, liko Kinangop nzima na kwingineko. Usihangaike na mkodishaji. Nenda kwa mwenye ardhi, na kama yuko Nairobi mpigie simu. Mwambie akikodisha, mkataba useme kwamba shamba linaishia mita 6 kabla ya mto na kwamba ukanda ule ni wake, haumo kwenye bei. Mkodishaji hatapoteza kitu ambacho hakukilipia. Nyasi ya ukanda huo mwenye shamba anaweza kumuuzia jirani mwenye ng'ombe, au kumpa shangazi yake aliyebaki nyumbani, na huyo shangazi ndiye atakayekuwa mlinzi wenu. Mkulima wa msimu akisogeza jembe hata hatua moja, atasikia habari yake kabla ya saa nne asubuhi. Mikataba hii kwa kawaida huandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya shahidi mmoja, kwa hiyo chama kinaweza kutoa karatasi iliyokwisha kuchapwa, yenye sentensi hiyo ndani yake. Watu hupenda karatasi iliyochapwa.

---

Katibu wa Kijito alijibu:

Nimekwenda kwa mzee jana jioni. Nilimsomea habari za samaki wa mwaka 2010 na za mafunjo, akasikiliza bila kusema neno. Nilipofika kwenye zile mita 6 na kwamba nyasi ni yake, akaniuliza setaria hiyo inapatikana wapi, nikamwambia sijui. Kuhusu ziwa alisema bado halimhusu, ila angependa kumwona huyo mvuvi anayesema mbolea yake inamfikia, kwa sababu mfuko wa mbolea ni ghali na yeye anataka kujua imekwenda wapi.

Mkutano wetu ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nne, ukumbini. Ndugu Mvuvi, kama unaweza kupanda huku na mwenzako mmoja, nauli tutachanga na mtalala kwetu. Mje na koti. Mzee Mstaafu, naomba unielekeze kwa mtu mwenye vipande vya setaria kabla mvua haijaanza. Orodha ya pampu nimeianza. Ndugu Karani, ulikisia sawasawa kuhusu ile ya kwanza.

---

Mvuvi wa Karagita alijibu:

Nitakuja. Nitamletea mzee kapi mmoja mkubwa, aliyebanikwa, aonje mbolea yake.